Majani Yaliyopigwa Pasi

Dukani, 4 Februari

Sumaku mwanangu,

Marahaba. Najua utasema, "Shangazi, si ungepiga simu tu?" Simu ni ya kuambiana nimefika, nimekula, kwaheri. Mazungumzo yanataka karatasi. Isitoshe nina mzigo wako hapa, na mzigo bila barua ni sawa na mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Haya, majani yako hayo. Ni yaleyale machungu ya uani, ya kile kichaka ulichokuwa ukikikimbia kila nikikutuma ukachume nichemshe. Leo umekuwa mtu wa maabara unayataka mwenyewe, tena kwa barua yenye muhuri! Kweli ukiishi sana utaona mengi. Nimeyachuma asubuhi, nikayapandisha darini, nikayaanika kwenye kamba kivulini siku tisa, nikipanda kuyageuza asubuhi na jioni kama ulivyoniagiza. Ngazi ni kumi na saba, magoti yangu yamezihesabu. Mfuko nimeushona kwa cherehani, mshono maradufu. Hata ng'ombe akiuvuta hauachii.

Fundi Viatu anakusalimu. Bado tunagawana chumba, yeye dirishani na gundi yake inayonuka, mimi mlangoni na cherehani yangu ya kukanyaga. Ameuliza kama majani haya yanatibu na ubahili. Nikamwambia kwake yeye ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa.

Sukari yangu haijambo. Vidonge nameza, na majani nakunywa kikombe kimoja asubuhi kama miaka yote. Kinachonisumbua ni sakafu tu. Tangu uondoke hakuna wa kuokota pini. Ulikuwa ukitoka shule unapita chini ya meza na ile sumaku ya spika mbovu, unaibuka umezikusanya zote. Sasa natafuta pini kwa macho, na macho yenyewe ndiyo haya.

Kaka yangu aliponiachia wewe una miaka minne, watu walinipa pole. Laiti wangejua walitakiwa kunipa hongera.

Shangazi yako


Maabara, 19 Februari

Shangazi yangu, shikamoo,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Majani yako yamefanya kazi!

Ngoja nikueleze kwa lugha ya dukani. Uliwahi kuniambia koti huanza kufa kwenye bitana: nje linang'aa, ndani limeshachakaa. Basi mshipa wa damu nao una bitana, safu moja tu ya seli, nyembamba kuliko uzi wowote uliowahi kuutunga kwenye sindano. Damu ikiwa na sukari nyingi siku nenda rudi, bitana hiyo inachakaa na kuvuja. Hapo ndipo mtu wa sukari anapoharibikiwa macho, figo na miguu.

Hapa tunazikuza seli hizo kwenye visahani. Tunazipata kwenye kiungamwana, ile kamba ya kitovu inayotupwa mtoto akishazaliwa. Mama anaombwa, akiridhia tunapewa. Visahani vingine nimevitia sukari nyingi peke yake, vingine sukari ileile pamoja na maji ya majani yako niliyoyachuja. Baada ya siku tatu, penye sukari peke yake karibu nusu ya seli zilikuwa zimekufa. Penye majani, Shangazi, zilikuwa zimesimama! Si zote, lakini nyingi, na zimeshikana vizuri. Niliangalia kwenye darubini mpaka shingo ikauma.

Lakini nisikilize vizuri. Kisahani si mwili. Kinachotokea kwenye kisahani kinaweza kisitokee kabisa kwa mtu. Usiache vidonge, wala usiongeze vikombe.

Mkuu wa maabara, mama mmoja asiyecheka bure, ameniambia, "Mara moja ni bahati. Rudia." Ijumaa ya tarehe 20 Machi kuna kikao, na hapo ndipo ataamua kama kazi hii iendelee au niiache. Naomba mfuko mwingine kama ule wa kwanza. Sina wa kumwomba ila wewe, na nakushukuru kabla hujaniletea, kwa sababu nakujua.

Mwanao, Sumaku


Dukani, 11 Machi

Sumaku mwanangu,

Barua yako niliilia. Fundi Viatu akadhani tumefiwa, akaanza na kufunga dirisha. Nikamwambia, "Funga mdomo, si dirisha. Mwanangu amefaulu."

Kwa hiyo siku hizi unalea watoto wasiolia? Hongera. Mimi nililea mmoja tu, na alilia kwa niaba ya mtaa mzima.

Mzigo wa pili huo. Safari hii majani yametoka manyoofu kama karatasi za daftari jipya, hata yule bibi mkubwa wako wa maabara atayapenda. Nimeyakazania yasije yakakuchelewesha na kikao chako.

Nimefurahi kujua kile kikombe changu kinanilindia bitana. Kumbe ndiyo maana nimedumu! Sasa hata likinipata dogo la kunipata, sina wasiwasi, najua ndani kuna mlinzi. Usihofu, vidonge bado nameza.

Kazi ni nyingi, karibu zote ni za mkono, nafanya nimekaa. Nisamehe kwa ufupi.

Shangazi yako


Maabara, 17 Machi

Shangazi,

Seli zimekufa. Penye sukari peke yake zimekufa, na penye majani zimekufa vilevile. Nimepima kwa mafungu mawili ya visahani, yote sawa. Mkuu ameinama kwenye darubini, akainuka, akasema, "Basi ile ya kwanza ilikuwa bahati." Ijumaa nitasimama mbele ya watu wote kusema sina kitu.

Niambie ukweli. Majani haya umeyanunua sokoni? Umemtuma mtu akuchumie? Hayanuki kama yale ya kwanza, yana harufu ya kuungua. Jana nilikupigia simu ukanijibu "mimi mzima wa afya" ukakata. Nilikuomba kitu kimoja tu, yawe kama ya kwanza. Kama ulikuwa na kazi nyingi si ungesema?

Sumaku


Dukani, 18 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya pili nilikuwa natafuta salamu.

Mimi ninunue majani sokoni? Mimi? Majani ni ya kichaka kilekile na yamechumwa kwa mkono huu unaoandika. Nimeyakausha kwa pasi, jani mojamoja, katikati ya vitambaa viwili. Kutwa nzima nimekaa nayo, siku mbili, ili yakufikie mapema tena yakiwa na heshima zao. Kama pasi ni kosa, sema Shangazi umekosea, nitakuomba radhi, na huyo bibi mkubwa wako nitamwomba pia. Lakini mwongo usiniite. Kukulea nimekulea kwa kweli.

Pole kwa seli zako. Nakuombea Ijumaa ipite salama.

Shangazi yako


Maabara, 19 Machi, asubuhi

Fundi Viatu, shikamoo,

Nakuandikia kwa basi la kwanza badala ya kukupigia, kwa sababu simu yako inasikika mpaka mtaa wa pili, na Shangazi amekaa hatua mbili kutoka kwako. Isome hii umempa mgongo.

Jana usiku nimepata barua yake. Anasema majani ameyakausha kwa pasi. Fundi, wewe unamjua Shangazi. Huyu ni mtu ambaye ukimwambia siku tisa kivulini atakupa siku kumi. Kwa nini asiyapandishe darini? Nikauchukua mfuko alimoyatia, nikaugeuza nje ndani. Umeshonwa kwa mkono! Mishono mizuri, lakini ya mkono. Ule wa kwanza ulikuwa wa cherehani, mshono maradufu. Tangu nimjue, Shangazi hajawahi kushona mfuko kwa mkono na cherehani ipo mbele yake.

Hapandi ngazi. Hakanyagi cherehani. Pasi unaweza kuipiga umekaa. Nilikuwa nimekasirikia majani, kumbe majani yalikuwa yananiambia habari za mguu.

Nakuomba, angalia miguu yake. Mtu wa sukari anaweza kuwa na kidonda asikisikie. Akikataa, mpeleke hivyohivyo. Sina mtu mwingine hapo ila wewe.

Binti yako, Sumaku


Wodini, 19 Machi, jioni

Binti yangu,

Marahaba. Ningepiga simu, lakini nimekaa kando ya kitanda chake na umesema mwenyewe sauti yangu inafika mtaa wa pili. Hii inakuja na basi la jioni.

Uliyoyaona kwenye mfuko ni kweli yote. Mguu wa kulia umevimba, chini ya kidole kidogo kuna kidonda kinachotoa maji. Daktari amepiga picha. Ndani ameonekana mgeni: pini, nzima na kichwa chake. Aliikanyaga siku asiyoijua. Mguu una ganzi, haukumwambia kitu.

Sasa nakiri langu. Wiki tatu zilizopita alinipa kandambili yake nikate ukanda upande mmoja, eti inabana. Nikakata. Nilimuuliza, "Mguu vipi?" akasema, "Mguu ni wangu, kandambili ni yako, shughulika na chako." Mimi fundi wa viatu miaka thelathini, kiatu kikibana upande mmoja najua mguu umevimba. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu aliniapisha nisikuambie kabla ya kikao chako. Nisamehe.

Alikataa kuja. Nikafungua mkanda wa cherehani yake, nikautia mfukoni, nikamwambia ataupata kwenye geti la hospitali. Alinitukana njia nzima. Nimefurahi kutukanwa, maana mtu mwenye kutukana hivyo bado ana nguvu.

Daktari anasema kidole hakina matumaini. Mguu wenyewe hajasema. Njoo.

Fundi Viatu


Wodini, 4 Aprili

Sumaku mwanangu,

Umeondoka jana na leo kitanda kimekuwa kipana. Muuguzi ananiuliza yule binti anayesoma karatasi za dawa kama anatafuta makosa ya tahajia yuko wapi. Nimemwambia amerudi kwa watoto wake wasiolia.

Ulipokuwepo sikuweza kuyasema haya, kwa hiyo acha niyaandike. Kile kidonda nilikiona mapema. Siku ileile nilipopata barua yako ya furaha, nilipokuwa naosha miguu, nikaona doa kwenye taulo. Nikasema moyoni, si mwanangu amethibitisha majani yanalinda? Kitapona chenyewe. Ulikuwa umeniandikia kisahani si mwili. Nilisoma, lakini mtu husoma anachokitaka. Na nilijua nikikwambia utaacha kikao uje.

Ukaja hivyohivyo. Saa ambayo ungekuwa umesimama mbele ya wakubwa wako, ulikuwa umeshika kisigino changu na kidole changu kinaondolewa.

Daktari amepita asubuhi hii. Amegonga, amebonyeza, amenusa, akasema, "Mama, mguu umebaki. Ungechelewa wiki moja tungekuwa tunazungumza habari za goti." Nilimshukuru yeye, nikamshukuru Mungu, nikabaki na deni la shukrani kwako wewe na sijui nianzie wapi. Hicho kidole nakisamehe. Kilikuwa kidogo na hakijawahi kufanya kazi.

Na Fundi Viatu, yule mbahili, kila siku analeta uji kwenye chupa na haniambii chochote cha maana. Jana nimemwambia asante. Akashtuka, akauliza kama homa imerudi.

Niambie ukweli sasa, kama nilivyokuambia wangu. Kazi yako imekufa kwa ajili yangu?

Shangazi yako, mwenye vidole tisa


Maabara, 25 Aprili

Shangazi yangu, shikamoo,

Kazi haijafa. Nilikuwa nasubiri niwe na uhakika.

Niliporudi nilikwenda kwa Mkuu kujieleza. Nilitegemea maneno makali. Nikamsimulia yote: majani, pasi, mfuko wa kushonwa kwa mkono, pini. Hakucheka, hakununa. Alichukua kalamu, akaniuliza, "Pasi yake ina moto kiasi gani?"

Nikasema ni pasi ya fundi, ya kunyooshea makoti mazito.

Akasema, "Basi hukushindwa. Umepima majani mawili tofauti bila kujua. Nenda kapime ukijua."

Kumbe Fundi Viatu, siku ileile aliyokulaza hospitali, alirudi akachuma majani akayapandisha darini mwenyewe. Hakuniambia mpaka mfuko uliponifikia, umefungwa kwa uzi wa viatu. Nimepima yale ya kivulini, na nimepima yale yako ya pasi yaliyobaki, bega kwa bega. Ya kivulini yamezilinda seli kama mara ya kwanza. Ya pasi hayakulinda kitu. Nimerudia mara tatu. Kuna kitu ndani ya majani hayo kinachoshika bitana, na moto mkali unakiua. Bila pasi yako tusingekijua. Mkuu amenipa mwaka mzima wa kukitafuta.

Na ukiuliza kile kikombe chako cha asubuhi, jibu la kweli ni kwamba sijui. Kunywa kwa kuwa umekizoea, lakini kitegemee kidonge, na uangalie nyayo zako kila siku kwa kioo. Naomba uniahidi hili.

Kuna jambo jingine. Nilikuandikia barua bila salamu. Nilikuuliza kama umenunua majani sokoni, wewe uliyekaa siku mbili na mguu uliovimba unapiga pasi jani mojamoja ili nisichelewe. Kila nikikumbuka natamani ardhi inifunike. Nisamehe, Shangazi. Na asante. Ungeyakausha vizuri ningefaulu Ijumaa ile, nikapongezwa, na nisingeugeuza ule mfuko.

Kwenye mzigo huu kuna sumaku. Ni kubwa, ilikuwa ndani ya mashine ya kukorogea dawa iliyoharibika, Mkuu ameitoa kwa mkono wake mwenyewe na amesema upone. Mwambie Fundi aifunge kwenye mpini wa ufagio. Sipo hapo kupita chini ya meza, basi ipite yenyewe.

Mwanao, Sumaku


Dukani, 30 Mei

Sumaku mwanangu,

Marahaba, marahaba, na nyingine ya akiba.

Barua yako nimeisamehe siku nyingi. Nilikulea useme unachokiona, siwezi kulalamika ukikisema kwangu. Ila salamu usiache tena.

Sumaku imefika na imefungwa kwenye mpini. Kila tukikaribia kufunga, Fundi Viatu anaipitisha chini ya meza yangu, chini ya kiti, mpaka mlangoni. Siku ya kwanza ilitoka na pini arobaini na moja, sindano tatu, na misumari yake mwenyewe ya viatu isiyo na idadi. Mwaka mzima ananilaumu mimi na pini zangu! Akaona aibu, akanitengenezea viatu. Vya kufunika mguu wote, soli nene, ndani laini. Havibani popote. Nimeuliza bei akajifanya hasikii, na huyo ni mtu ambaye hajawahi kukosa kusikia neno bei.

Nyayo naangalia kwa kioo kila asubuhi kabla ya chai, na jioni tena. Vidonge nameza. Kipimo cha wiki hii daktari amekiandika mwenyewe kwenye kadi yangu na kukipigia mstari. Kikombe changu nakunywa, lakini siku hizi nakiambia, "Wewe ni chai tu mpaka mwanangu aseme vingine."

Nikifikiria pale pini ilipoingia mguuni na mguu ukanyamaza, nikakunyamazia wewe, na Fundi akanyamaza kwa sababu yangu, wote tulikuwa tunapendana na wote tulikuwa tunanizika. Aliyesema ni jani lililoungua. Namshukuru Mungu ulijua kulisikiliza.

Majani ya mfuko huu yamekaa darini siku tisa. Aliyeyapandisha siku nne za kwanza ni Fundi. Siku tano za mwisho usiniulize ni nani, ila ngazi bado ni kumi na saba.

Najua ukimaliza kusoma utataka kupiga simu kuuliza hali yangu. Usipige. Geuza mfuko uangalie mshono.

Shangazi yako